Kuandika na kuongoza: jinsi ya kuingia kazini ukiwa na kurasa zako mwenyewe

Vijana wanaoniuliza namna ya kuwa waongozaji huanza na swali la kamera: ninunue ipi, lenzi gani, inarekodi kwa ubora gani. Mimi huwajibu kwa kuuliza wameandika nini. Nimeandika na kuongoza filamu na tamthilia za televisheni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sikumbuki mlango hata mmoja ulionifungukia kwa sababu ya kifaa nilichokuwa nacho. Ilikuwa ni mswada kila mara. Mtu asiyekujua hawezi kukukabidhi fedha na kundi la watu arobaini eti kwa sababu unaipenda sinema. Lakini anaweza kukaa na kurasa zako usiku mmoja, na akifika mwisho akawa ameshaiona filamu kichwani, atataka kujua nani ameiandika na kama anaweza kuipiga.

Njia hii si mpya. Preston Sturges alikuwa mwandishi wa kulipwa vizuri Hollywood, na bado akaiuzia studio ya Paramount mswada wake kwa dola 10 tu, kwa sharti kwamba aongoze mwenyewe. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1940 na ikampa tuzo ya Oscar ya mswada wa kubuniwa, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Akira Kurosawa aliingia studio mwaka 1936 kama msaidizi wa mwongozaji, na bosi wake, Kajirō Yamamoto, akamsukuma aandike. Akawa anaandika usiku baada ya kazi za seti, hadi alipoongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1943. Ousmane Sembène alikuwa kuli wa bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaona kwamba wengi wa watu aliokuwa akiwaandikia hawakuweza kuzisoma. Akaenda Moscow kujifunza filamu, na mwaka 1963 akatoa filamu fupi iliyomtambulisha duniani. Watu watatu tofauti kabisa, na wote walifika nyuma ya kamera wakiwa tayari wanajua kusimulia kwa karatasi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na karatasi, na utakaa hapo muda mrefu kuliko unavyotarajia.

Jifunze kusoma mswada kabla ya kuuandika

Tafuta mswada wa filamu unayoijua vizuri, uliotumika kweli kwenye seti, si ule ulionakiliwa na mashabiki kwa kusikiliza. Soma sini moja, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja, funga, kisha itazame sini hiyo kwenye filamu ukiwa na saa ya kuhesabu sekunde. Andika pembeni: ukurasa ulichukua muda gani? Mstari upi wa mazungumzo haukutumika? Mwigizaji alifanya nini ambacho hakikuandikwa? Fanya hivyo kwa filamu nzima. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna darasa nililowahi kukaa lililonifunza zaidi ya hiyo.

Utagundua kwamba ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya filamu. Kanuni hiyo inashika kwa sababu kila mtu anatumia umbo lile lile: herufi za Courier ukubwa wa 12, kichwa cha sini kinachosema ni ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku, kisha maelezo, kisha jina la mhusika na maneno yake katikati ya ukurasa. Filamu ndefu huwa na kurasa 90 hadi 120. Kipindi cha saa moja cha tamthilia huwa na kurasa kati ya 45 na 60, na cha nusu saa karibu 30. Usijaribu kuonyesha ubunifu kwa kubadilisha umbo. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji ataugawa kila ukurasa wako kwa thumuni, sini ya nusu ukurasa ataiandika 4/8, na kwa hesabu hiyo atapanga siku za kupiga. Ukibana herufi ili mswada uonekane mfupi, unaidanganya ratiba, na ratiba ikidanganywa ni wewe utakayebaki kwenye seti jua linazama na sini mbili bado.

Sini moja kwa karibu

Tuchukue ndugu wawili, Halima na Daudi, wanafungasha vitu vya marehemu baba yao. Daudi amechukua saa ya mkono ya baba bila kusema. Mwandishi anayeanza huandika hivi: Daudi anakaa, anavuta pumzi, anasema, “Dada, tangu baba atutoke sipati usingizi. Nilimkosea, na sasa nimechukua saa yake kwa sababu ndiyo kitu pekee kilichonifanya nijisikie yuko karibu nami.” Maneno hayo yanaweza kuwa kweli kabisa, na mtazamaji hana la kufanya isipokuwa kuyapokea. Ona sasa:

NDANI. SEBULE – USIKU

Masanduku manne ya karatasi ngumu. Halima amepiga magoti, anakunja mashati ya mwanamume mzee. Daudi amesimama mlangoni, mikono mirefu ya shati lake imefungwa vifungo hadi mwisho.

HALIMA
Saa ngapi?

Daudi anainua mkono wa kushoto.

Anausimamisha.

Anaushusha, anatoa simu mfukoni.

DAUDI
Tatu kasorobo.

HALIMA
(hamtazami)
Saa ya baba sijaiona.

DAUDI
Tutaitafuta asubuhi, dada.

Halima anakunja shati. Analikunjua. Analikunja tena.

Hapa mtazamaji anafanya kazi mwenyewe. Anaona mkono uliosita, anajua kilichoko chini ya lile shati, na mwishoni anaanza kushuku kwamba Halima naye anajua. Hakuna aliyesema lolote kuhusu huzuni.

Lakini nataka uitazame sini hiyo kwa macho ya mwongozaji pia, maana hapo ndipo kazi hizi mbili zinapokutana. Sikuandika popote kwamba kamera inasogea au tunaona kwa karibu. Nimetenganisha aya tu. “Anausimamisha” imesimama peke yake kwenye mstari wake, na kila atakayeisoma ataona mkono peke yake, kwa karibu, kwa muda kidogo kuliko ulivyo wa kawaida. Mpiga picha ataiona shoti, yaani kipande kimoja cha picha bila mkato, mhariri ataona pumziko, na mwigizaji hatajisikia amepewa amri. Ukianza kujaza kurasa na maelekezo ya kamera, msomaji anaacha kuiona hadithi na kuanza kukuona wewe.

Tazama pia ahadi zilizomo. Shati la mikono mirefu ni ahadi kwa mtu wa mavazi, na sini zote zilizotangulia usiku huo lazima zilingane nalo. Saa ya baba ni ahadi kwa mtu wa vifaa vya uigizaji: lazima tuwe tumeiona mkononi mwa baba mapema, kwa kiasi cha kuikumbuka. Masanduku manne yawe manne kila teki, yaani kila mara shoti inaporudiwa, la sivyo mtunza mwendelezo, anayehakikisha kila kitu kinalingana kutoka shoti hadi shoti, atasimamisha kazi, na atakuwa na haki. Kila nomino uliyoiandika ni asubuhi ya mtu fulani akiitafuta. Ukikumbuka hilo utaandika masanduku manne pale tu unapoyahitaji manne.

Ipige mwenyewe, kisha urudi mezani

Sini kama hiyo haihitaji fedha. Inahitaji chumba, watu wawili wenye subira, simu yenye kamera na kipaza sauti cha bei nafuu cha kubana kwenye nguo. Ninakusihi usikwepe hatua hii kwa kisingizio kwamba wewe ni mwandishi tu. Mwandishi ambaye hajawahi kumsikia mwigizaji akihangaika na mstari wake hajui bado mstari wake una nini.

Anza bila kamera. Wape waigizaji chumba, waache waisome sini wakisogea. Angalia miili yao inakwenda wapi: Daudi anabaki mlangoni kweli, au anavutwa na masanduku? Ukishaona mwendo ulio hai, ndipo uchague pa kuweka kamera. Wengi hufanya kinyume, wanatafuta fremu nzuri kisha wanawapanga watu ndani yake, na uigizaji unakufa.

Chora mstari wa kufikirika kati ya Halima na Daudi, na ubaki upande mmoja wa mstari huo kwa shoti zote, ndani ya digrii 180. Hivyo Halima atakuwa anatazama kulia kila mara na Daudi kushoto, na mtazamaji hatapotea. Piga shoti pana ya sini yote kwanza, mwanzo hadi mwisho. Kisha shoti ya karibu ya Daudi, yote. Kisha ya Halima, yote, hata pale asipozungumza. Hasa pale asipozungumza. Kwenye uhariri utaishi kwa nyuso zinazosikiliza. Mwisho piga mkono ule peke yake, mara kadhaa, kwa mwendo tofauti.

Kabla hamjaondoka, mwombe kila mtu anyamaze na urekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika au dakika nzima. Kila chumba kina sauti yake, jokofu, upepo, barabara ya mbali, na bila sauti hiyo kila mkato wako utasikika kama shimo. Kamba hukatikia pembamba, na kwenye filamu za wanaoanza pembamba ni sauti. Watu watavumilia picha yenye chenga wakiamini ni mtindo. Maneno yasiyosikika hawayavumilii hata kidogo.

Ukihariri, kwanza weka kila kitu kama kilivyoandikwa. Kisha ondoa mistari miwili ya mwanzo na miwili ya mwisho uone kama kuna kilichopotea. Mara nyingi sini huanza imechelewa kidogo na inaisha mapema kuliko ulivyodhani. Kwenye sini yetu, “Tutaitafuta asubuhi, dada” inaweza kubaki, au Halima akaachwa na swali lisilojibiwa na shati mikononi. Huwezi kujua hadi uone uso wa yule dada aliyeigiza. Ukishajua, rudi kwenye mswada uandike upya kama ulivyojifunza. Mzunguko huo, kuandika, kupiga, kukata, kuandika tena, ndio chuo chenyewe. Ninawaheshimu sana wanaosoma vyuoni na wapo walionifunza mengi, ila mwanafunzi anayeuzunguka mara nyingi akiwa nyumbani atampita anayesubiri zamu yake darasani.

Namna ya kuzungumza na waigizaji

Usimwambie mwigizaji awe na huzuni zaidi. Huzuni haiigiziki kwa amri. Mpe jambo la kufanya kwa mwenzake. Halima: mfanye akiri bila kumuuliza. Daudi: toka chumbani kabla hajakutazama usoni. Sasa kila mmoja ana kazi, kazi zao zinagongana, na sini inapumua. Ukitaka teki inayofuata iwe tofauti, badilisha kitenzi: badala ya “mfanye akiri,” mwambie “mlinde asiaibike.” Maneno ya mswada ni yale yale na sini ni nyingine kabisa.

Mfuate mwigizaji, mwambie kwa sauti ya chini, asisikie mwingine. Usimwigizie mstari anavyotakiwa kuutamka, utapata nakala yako mwenyewe iliyofifia. Na ukiwa umeandika mswada mwenyewe, una kishawishi cha kueleza kila ulichokusudia. Jizuie. Mwigizaji mzuri akikuuliza kwa nini mhusika amefanya hivi, mrudishie swali kwanza. Nimepata mistari bora kuliko yangu kwa njia hiyo, na nimeiweka kwenye mswada bila kusita.

Muda ndio unaoongozwa

Watu hudhani mwongozaji anaongoza picha. Siku nzima anaongoza saa. Filamu ndefu nyingi hupigwa kurasa tatu hadi tano kwa siku. Televisheni inakwenda kasi zaidi, mara sita hadi nane. Kugeuza taa upande wa pili wa chumba kunaweza kula saa nzima, kwa hiyo maliza kila kinachotazama dirishani kabla hujageukia mlangoni, hata kama unaruka mpangilio wa sini.

Mimi huandika orodha ya shoti usiku uliotangulia, kisha kwa kila sini naweka alama kwenye zile ambazo zisipopatikana sini haipo. Kwenye sini ya Halima ni mkono wa Daudi na uso wa Halima akisema saa haionekani. Hizo nazipiga mapema. Zilizobaki ni mapambo mazuri ambayo siku ikiharibika nitayaacha bila kulia. Satyajit Ray, aliyetoka kwenye kampuni ya matangazo, aliichora filamu yake ya kwanza kwa picha ndogo ndogo kwenye daftari, na aliipiga kwa vipande kuanzia 1952 hadi ikatoka 1955 kwa sababu fedha zilikuwa zinakatika. Mwenye filamu nzima kwenye daftari anaweza kusimama miezi na kuendelea pale pale.

Mheshimu msaidizi wako wa kwanza. Yeye ndiye anayejua umechelewa kwa dakika ngapi, na akikwambia una teki mbili tu, una teki mbili. Usipange sini ngumu kuliko zote siku ya kwanza, kundi halijafahamiana bado. Na hakuna shoti inayostahili mtu aumie. Ukiona dereva amechoka, au mwigizaji anaombwa kupanda mahali ambapo hapajakaguliwa, simamisha kazi wewe mwenyewe, usingoje mwingine aseme.

Televisheni ina mwenyewe mwingine

Kwenye filamu, mwongozaji ndiye wa kuamua mwisho. Kwenye tamthilia nyingi za televisheni, anayeamua ni mwandishi mkuu ambaye pia ni mtayarishaji. Yeye ndiye anayeijua hadithi ya msimu mzima, na waongozaji huja na kuondoka, kila mmoja na kipindi chake au viwili. Usipolielewa hilo utaumia bure.

Ukiingia kwenye chumba cha waandishi ukiwa mdogo kuliko wote, kazi yako ni kusikiliza, kukumbuka na kuleta suluhisho. Hadithi inavunjwa ubaoni kwa kadi, kadi moja kwa kila tukio, hadi kila mtu aione. Ukisema “hii haifanyi kazi” halafu ukanyamaza, umeongeza tatizo. Sema “je, kama angejua tangu kipindi cha pili?” Wazo lako likikataliwa, liache na ulete jingine. Wanaopendwa kwenye vyumba hivyo ni wale ambao mawazo hayawaishii na hawayanung’unikii.

Ukialikwa kuongoza kipindi, unaingia kwenye nyumba ya watu, samani zimeshapangwa. Tazama vipindi vyote vilivyotangulia. Tamthilia nyingi za saa moja za Marekani humpa mwongozaji siku saba au nane hivi za maandalizi, na siku za kupiga karibu sawa na hizo. Tumia kikao cha kupitia mswada na mwandishi mkuu kuuliza sini kwa sini: hapa tunacheka au tunaogopa? Mhusika huyu anajua siri au hajui? Waigizaji wamekaa na wahusika wao misimu mitatu, usiwafundishe wahusika wao. Nafasi yako ipo kwenye mwendo, kwenye mahali pa kamera, kwenye kile mtu anachofanya mikononi anapodanganya. Kipindi kikikamilika ndani ya muda na kikawa na sini moja ambayo watu waliikumbuka, utaitwa tena. Waongozaji wengi ninaowajua wanakula mkate wao huko, na filamu zao wanazitengeneza katikati.

Kupokea maoni

Mpe mswada msomaji asiyekupenda sana. Msomaji wa kwanza akikwambia ukurasa wa 70 unachosha, usikimbilie kuufupisha. Mara nyingi ukurasa wa 70 unachosha kwa sababu ukurasa wa 20 haukutueleza mhusika anataka nini. Wasomaji watatu wakijikwaa mahali pamoja, pana shimo hapo hata kama kila mmoja amelieleza kivyake na kila dawa waliyoipendekeza ni mbaya. Chukua ugonjwa, tafuta dawa mwenyewe.

Maoni ya mtayarishaji yaandike yote, shukuru, omba siku mbili. Usijibu papo hapo. Baada ya siku mbili utakuta nusu yake yalikuwa sahihi, na kwa yaliyobaki utakuwa na hoja badala ya hasira.

Maandishi ya kisheria

Hapa ninaomba usome polepole, kwa sababu wenye vipaji wengi wameipoteza kazi yao hapa.

Wazo halilindwi na hakimiliki. Kinacholindwa ni maandishi yenyewe. Kwa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kazi inalindwa tangu inapoundwa, bila kulazimika kuisajili kwanza, ila usajili na barua pepe zenye tarehe ni ushahidi utakaokusaidia siku ya ubishi. Mkiandika wawili, andikianeni mgawanyo wa umiliki na wa majina kabla ya ukurasa wa kwanza, hata kama ni rafiki yako wa utotoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtayarishaji akiupenda mswada, kwa kawaida hataununua mara moja. Atakulipa kidogo ili aushikilie kwa kipindi fulani, mara nyingi miezi 12 au 18, akitafuta fedha. Hakikisha yameandikwa haya: muda unaisha lini na unaongezwa kwa malipo gani, bei kamili ya kununua, mara ngapi utaandika upya ndani ya malipo hayo, jina lako litaonekana vipi, na haki zinakurudia lini filamu isipotengenezwa. Kama unataka kuongoza, hilo liandikwe ndani ya mkataba huo huo. Ahadi ya mdomoni kwamba “tutakufikiria” haina uzito siku mwekezaji atakapotaka jina kubwa. Tafuta mwanasheria anayejua burudani, na mlipe. Ukiwa mwongozaji wa filamu yako fupi, wewe nawe waandikie waigizaji na wapigaji muziki makubaliano, hata wanaojitolea. Bila karatasi hizo hakuna tamasha wala kituo kitakachoionyesha kwa amani.

Waandishi wakisimama pamoja hupata wasichokipata mmoja mmoja. Chama cha waandishi wa Marekani kiligoma siku 148 mwaka 2023, kuanzia tarehe 2 Mei, na makubaliano yaliyopatikana yaliweka idadi ya chini ya waandishi kwenye vyumba vya tamthilia na kuzuia akili mnemba isihesabiwe kuwa mwandishi. Kama pana chama unapofanyia kazi, jiunge mapema.

Filamu fupi na mlango unaofuata

Tuzo za Oscar huhesabu filamu fupi kuwa isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho. Mimi nakuomba usivuke 12. Anayepanga ratiba ya tamasha ana dakika tisini za kujaza, na filamu ya dakika nane ni rahisi kuipatia nafasi kuliko ya thelathini, hata kama ya thelathini ni nzuri. Chagua mahali pamoja, wahusika wawili au watatu, na tendo moja lisiloweza kurudishwa nyuma. Tenga fedha za sauti, manukuu (tafsiri ya mazungumzo inayoandikwa chini ya picha) na picha chache safi za tangazo kabla hujatumia shilingi au dola kukodi lenzi. Manukuu mpe mtu anayezijua lugha zote mbili vizuri, sio programu peke yake.

Wakati huo huo lazima ule. Hariri kazi za wengine, soma miswada ya watayarishaji na uwaandikie tathmini, fanya kazi ya mwendelezo kwenye seti za watu. Kazi ya mwendelezo naipendekeza kuliko zote kwa anayetaka kuandika na kuongoza: unakaa karibu na mwongozaji, mswada mapajani, na unaona kila siku umbali kati ya kilichoandikwa na kilichopigwa. Hakuna kiti bora kwenye seti.

Filamu fupi ikipendwa, utaitwa kwenye kikao, na baada ya pongezi swali litakuwa moja: una nini kingine? Wengi hunyamaza hapo, kwa sababu nguvu zote ziliishia kwenye ile fupi. Ingia na sentensi moja inayoeleza nani anataka nini na nini kinamzuia, ukurasa mmoja wenye hadithi nzima pamoja na mwisho wake, na mswada kamili wa filamu ndefu au wa kipindi cha kwanza ulioandikwa angalau mara ya tatu. Wakiomba kuusoma, uwatumie siku hiyo hiyo, kabla ya jioni.